Sinema bubu iliyokutwa Kirumba: kama si Chaplin, huyu ni nani?

Fundi wa Makoroboi:

Wakubwa shikamooni, wenzangu habari za jioni. Nina jambo linaninyima usingizi na wa kulijibu hapa Mwanza sijampata.

Mimi ni fundi redio na TV, kibanda changu kipo Makoroboi chini ya mawe, jirani na mafundi wa vibatari. Mwezi uliopita ukoo tulikaa Kirumba kugawana vitu vya marehemu mjomba. Wenzangu waligombea cherehani na baiskeli. Mimi nikaangukiwa na kasha la bati: nyaya, balbu kubwa mbili zilizopasuka, na kopo la duara kama la biskuti lililoshikwa na kutu hadi nikalifungua kwa bisibisi. Lilipoachia, harufu ya siki ikanipiga puani kama nimefungua achari. Ndani kulikuwa na mkanda wa sinema. Sisemi kaseti ya video, nasema mkanda wenyewe wa picha, upana milimita 16.

Mjomba alikuwa dereva wa gari la sinema la serikali tangu enzi za Jimbo la Ziwa, kabla ya Uhuru. Walizunguka Magu, Ngudu, Geita, hadi Ukerewe. Wanafunga shuka jeupe kati ya miembe miwili, wanaonyesha picha ya kilimo cha pamba, na ili watu wasiondoke wanachomeka kichekesho kimoja. Hicho kichekesho watu walikiita "Chale", basi. Mama yangu ni dada yake mjomba, na anasema hakuna mtu aliyetembea usiku kutoka kijiji cha tatu kwa ajili ya pamba.

Projekta sina. Nilichofanya ni hiki: simu moja naiwasha kioo cheupe kitupu, natandaza mkanda juu yake, simu ya pili naifunga lenzi ya kamera mbovu, napiga fremu moja moja. Usiku wa tatu shingo ilikuwa imekakamaa kama ya mtu aliyelalia mtumbwi, lakini nina picha zaidi ya mia nne.

Ninachokiona. Mwanzo hauna jina, unaanza mtu yuko hewani tayari anaangukia meza. Mwisho umekatwa kwa mkasi, mtu ameshika kitasa cha mlango na hatuambiwi alikoenda. Mhusika mkuu ana kikofia cheusi cha mviringo, masharubu madogo chini ya pua kama kipande cha utepe wa umeme, koti linalombana, suruali pana, viatu vya kuazima na kifimbo cha mwanzi. Anayemsumbua ni jitu refu nene lenye nyusi za kuchora na masharubu mazito. Kwenye fremu moja sharubu la kushoto limebanduka, ukikuza unaiona gundi shavuni. Yupo na bwana mwembamba wa kofia ndefu, ndevu za mbuzi, anayebusu mikono ya wanawake. Kadi mbili za maandishi zipo, zimekwaruzika kiasi kwamba hakuna kinachosomeka.

Na kuna kitu kinaniudhi kuliko vyote. Wako chumbani. Ukuta una picha, dirisha limefungwa. Lakini kitambaa cha meza kinapeperuka! Nimekifuata fremu ishirini na kitu, kinainuka na kushuka kama tanga. Mimi nimekulia ziwani, upepo naujua nikiuona. Huo ni upepo, tena wa kutoka upande mmoja. Chumbani umeingiaje?

Nataka kujua ni picha gani, ya kampuni gani, imetengenezewa wapi na lini. Kuna ofisi moja niliwapelekea kopo, kijana wa mapokezi akaniambia nikaweke kwenye flashi kwanza ndiyo nirudi.

Sangara Mkavu:

Mkuu, huyo "Chale" ni Charlie Chaplin, hata mtoto wa darasa la pili anamjua. Kofia, fimbo, viatu. Umemaliza bando la watu. Mkanda unauza bei gani?

Mama Dagaa Igombe:

Fundi, usiuweke karibu na jiko mwanangu. Nimewahi kusikia mikanda ya zamani inawaka kama petroli, ikishika haizimiki hata kwa maji. Na wewe unafanya kazi na pasi ya kulehemu hapo hapo.

Mzee wa Bwiru:

Marahaba wote. Kijana, usikimbilie Ulaya na Marekani kabla hujatazama nyumbani. Sisi pia tulikuwa na picha za kuchekesha. Ilikuwapo Muhogo Mchungu ya mwaka 1952, mshamba anaingia mjini, na aliyecheza ni Rashidi Kawawa mwenyewe kabla hajawa Waziri Mkuu. Na kabla ya hapo, kati ya 1935 na 1937, kulikuwa na Waingereza waliopiga kambi Vugiri kule Usambara, wakatengeneza picha fupi kadhaa za kuonyesha Waafrika, wakazizungusha kwa lori Tanganyika, Kenya, Uganda hadi Nyasa. Mjomba wako akiwa dereva wa serikali, isije ikawa mojawapo. Hao waliomo ni watu wa rangi gani?

Kicheko cha Kashasha:

Shikamoo Mzee wa Bwiru. Fundi, pole na hongera. Mimi nipo Bukoba, nilitunza mikanda ya misheni kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusu nianze na mama kabla ya Chaplin.

Mama Dagaa hajakosea, ila hofu yake ni ya mkanda mwingine. Ule wa milimita 35 wa majumba ya sinema ndio uliokuwa wa plastiki ya naitreti, na uliendelea kutumika hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950. Huo ndio unaowaka. Wa milimita 16 Kodak waliutoa mwaka 1923 kwa ajili ya majumbani na mashuleni, na tangu siku ya kwanza waliuweka kwenye plastiki nyingine, asetati, isiyolipuka. Siki unayoinusa ni asetati hiyo inaoza. Ugonjwa huo huambukiza: ukiuweka na mikanda mingine kwenye kopo lililobana, yote itanuka. Utoe kwenye kutu, uweke kwenye chombo kinachopitisha hewa, mahali pa baridi kuliko pote nyumbani kwako. Usiusafishe kwa petroli wala mafuta ya taa, nakuomba, najua uko Makoroboi. Na usikubali mtu aupitishe kwenye projekta ya zamani. Mkanda wa hivi hunywea, meno ya mashine hayakutani tena na matundu, utachanika kama khanga iliyooza.

Sasa nijibu maswali. Matundu yapo upande mmoja au pande zote mbili? Pembeni, nje ya picha, kuna herufi na vialama vya duara, mraba au pembetatu? Mkanda una urefu gani? Na nje ya nyumba, wakitoka, kuna miti gani?

Kuhusu upepo nitakujibu baadaye, kwa sababu hicho ndicho kitu kizuri kuliko vyote ulivyoandika.

Fundi wa Makoroboi:

Dada, ahsante sana. Mzee wa Bwiru, shikamoo, wote waliomo ni Wazungu, sijaona Mwafrika hata mmoja.

Matundu yapo pande zote mbili. Pembeni imeandikwa KODAK, baada ya kipande kidogo SAFETY, halafu mraba na pembetatu vikifuatana. Nimevikuta mara nyingi, vinajirudia mkanda mzima.

Urefu nimeupima leo. Nimechukua gurudumu la kuzungushia uzi la cherehani mbovu nikalifanya kinu cha kukunjia, binti yangu akashika rula. Ni mita 100 na kidogo.

Nje kuna nyumba ya mbao yenye baraza, barabara ya vumbi, na miti mifupi minene yenye makuti, si minazi, inafanana na michikichi ya Kigoma. Jua kali. Watu wanakunja macho.

Kicheko cha Kashasha:

Vizuri mno. Twende polepole.

Matundu pande mbili maana yake hakuna mstari wa sauti. Lakini hilo peke yake halitoi picha za Vugiri, Mzee wangu, maana zile nazo zilikuwa za milimita 16 na sauti yake ilikuwa kwenye sahani za santuri zilizopigwa pembeni. Kinachozitoa ni sura: za Vugiri wachezaji walikuwa Waafrika. Ya Kawawa nayo ilikuwa picha ya maongezi, watu walienda kuisikia kama walivyoenda kuiona.

Mraba na pembetatu ni mwaka. Kodak walikuwa wakibadilisha alama kila mwaka na kuzirudia baada ya miaka 20. Hiyo yako ni 1927, 1947 au 1967. Kwa gari la mjomba wako naweka shilingi yangu kwenye 1947. Ila angalia: huo ni mwaka wa kiwanda kutengeneza mkanda mtupu, si mwaka wa watu kucheza. Biblia ikichapwa mwaka jana, karatasi ndiyo ya mwaka jana, Musa bado ni wa zamani.

Urefu sasa. Picha fupi za kuchekesha za miaka ile nyingi zilikuwa za magurudumu mawili, yaani mikanda miwili mizima iliyokunjwa. Zikihamishiwa kwenye milimita 16, magurudumu mawili yakijaa hufika karibu mita 240. Wewe una 100. Una chini ya nusu ya picha. Ndiyo maana mtu wako ameanzia hewani.

Mita moja ina fremu 131 hivi, kwa hiyo unazo kama 13,100. Ukizitembeza 18 kwa sekunde utapata dakika 12. Usizitembeze 24 kama sinema ya sauti, watu watakimbia kama kuku waliomwagiwa maji. Nusu ya kile kinachoitwa "zamani watu walitembea haraka" ni kosa la mwendo tu, kamera zilizungushwa kwa mkono.

Na upepo. Fundi, chumba hicho hakina paa. Taa za umeme zilikuwepo, lakini jua lilikuwa bure. Walijenga jukwaa la mbao uwanjani, wakasimamisha kuta tatu za turubai na mbao, wakatundika vitambaa vyeupe juu kupoza mwanga, wakacheza. Upepo ukija, meza ya sebuleni inageuka mtumbwi. Uliona vivuli ukutani vyenye ncha kali? Hilo ni jua la mchana. Picha yako imetengenezwa mahali penye jua la kutegemewa na miti ya makuti. Marekani hapo pana sehemu mbili, Florida na California.

Angalia kitu kimoja zaidi. Kuna alama ya jogoo au herufi A na B zimeandikwa ukutani, kwenye samani, popote? Kampuni ya Pathé walikuwa wanaweka jogoo wao ndani ya picha yenyewe, kampuni ya Biograph wanaweka AB, kwa sababu wezi walikuwa wanakata jina la mwanzo na kuuza upya.

Fundi wa Makoroboi:

Nimepitia zote tena, nimeamka saa kumi. Hakuna jogoo. Hakuna AB. Kuna paka mmoja kwenye fremu tisa, anapita nyuma ya jitu nene, naapa hakuwa kwenye mpango wa mtu yeyote.

Sangara Mkavu:

Paka ndiyo nembo ya kampuni 😂 Chaplin nimeshawaambia.

Kicheko cha Kashasha:

Sangara, mpende paka lakini msikilize dada yako.

Kukosekana kwa jogoo ni habari. Mtindo ule ulipungua baada ya sheria ya Marekani ya 1912 kuitambua filamu kama kazi inayojitegemea yenye haki zake. Kwa hiyo tuko baada ya hapo.

Chaplin alianza kuvaa yale mavazi mwaka 1914, na ndani ya mwaka mmoja dunia nzima ilikuwa imeshika fimbo. Waigaji walikuwa wengi. Mmoja, Charles Amador, aliyejiita Charlie Aplin, Chaplin alimpeleka mahakamani California miaka ya 1920 na akamshinda. Kwa hiyo kofia na viatu havithibitishi chochote. Tunatazama waliomzunguka.

Kuanzia 1915 hadi 1923 ukimwona Chaplin unamwona karibu kila mara Edna Purviance, mwanamke mweupe mwenye nywele za dhahabu, mtulivu. Na katika picha zake 12 za kampuni ya Mutual, 1916 na 1917, jitu la kumtisha ni Eric Campbell, Mwingereza mwenye nyusi kama mapanga. Huyo alicheza katika 11 kati ya hizo, akafa kwa ajali ya gari Desemba 1917. Fundi, nitumie fremu ya jitu lako akiwa ametulia, uso mzima. Usinitumie akiwa anapiga mtu.

Fundi wa Makoroboi:

Nimekutumia tatu. Subiri nikuambie kilichotokea wakati nazichagua.

Mama alikuwa amekaa nyuma yangu anachambua dagaa, miwani amesahau chumbani. Akainama kwenye simu, akaangalia, akasema: "Huyu si Mnene? Yule wa Mnene na Mwembamba?" Nikamwambia mama, huyu ana masharubu mazito. Akasema: "Masharubu umesema mwenyewe ni ya gundi. Angalia mashavu. Angalia anavyokutazama wewe badala ya kumtazama mwenzake."

Kwenye fremu hiyo jitu lote limegeuka, linaitazama kamera, kama mtu anayekwambia: umeona ninavyofanyiwa?

Kicheko cha Kashasha:

Msalimie mama, shikamoo yake na ya pili juu.

Ni yeye. Ni Oliver Hardy, miaka kumi kabla hajawa nusu ya Laurel na Hardy, hao ambao mama anawaita Mnene na Mwembamba. Alizaliwa Georgia mwaka 1892, akaanza kucheza 1914 huko Jacksonville, Florida, na kampuni ya Lubin. Na mwaka 1917 aliajiriwa kuwa Eric Campbell wa bandia, abandikwe nyusi na masharubu, amtishe Chaplin wa bandia.

Huyo wa bandia ndiye mtu wako. Anaitwa Billy West, aliyezaliwa Urusi. Katika waigaji wote yeye ndiye aliyekaribia kuliko wengine, mwendo, mabega, mpaka namna ya kupiga kona kwa mguu mmoja. Kampuni ilikuwa King Bee, mwenyewe Louis Burstein, na mwelekezi wa picha za mwanzo Arvid Gillstrom. Jina maana yake nyuki mfalme, ingawa mfuga nyuki yeyote wa Tabora atakwambia mzinga una malkia. Na huyo mwembamba wa ndevu za mbuzi anayebusu mikono, nina hakika ni Leo White. Alicheza Mfaransa wa kujidai kwa Chaplin mwenyewe, kisha akaenda King Bee kucheza Mfaransa yule yule. Ndiyo maana watu walidanganyika hata na waliomzunguka!

King Bee walifanya kazi 1917 na 1918. Walianza Jacksonville, wakahamia Bayonne, New Jersey, kisha Hollywood. Bayonne naiondoa, michikichi yako isingevumilia baridi ya kule. Zinabaki Jacksonville na Hollywood. Nyumba ya mbao yenye baraza na barabara ya vumbi inanivuta Jacksonville, maana mji ule tangu 1908 kampuni za picha zilikimbilia huko majira ya baridi kutafuta jua. Baadaye wenyeji walichoka kugeuziwa mitaa kuwa uwanja wa kufukuzana, na 1917 wakamchagua meya aliyeahidi kuwadhibiti watu wa picha. King Bee wenyewe mwaka huo huo waliondoka.

Jina la picha litapatikana kwa kupanga matukio yako na maelezo ya magazeti ya biashara ya filamu ya 1917. Hapo ndipo nusu uliyonayo inapotusumbua, kwa sababu magazeti yale yalisimulia mwanzo na mwisho, na wewe una katikati. Andika kila tukio kwa mpangilio, hata paka.

Mzee wa Bwiru:

Basi nami nilidanganywa utotoni. Nilimcheka Chale pale uwanjani mwaka 1954 hadi nikamwagikiwa na uji wa mtu, kumbe si Chale.

Kicheko cha Kashasha:

Mzee, inawezekana usiku ule alikuwa Chaplin kweli. Wapo wauzaji wa nakala waliokata jina la Billy West na kumuuza kama Chaplin, na aliyenunua kwa ajili ya gari la sinema alipewa kopo, hakupewa cheti cha kuzaliwa.

Sangara Mkavu:

Sawa nimeshindwa. Ila swali la bei liko pale pale.

Fundi wa Makoroboi:

Hauuzwi.

Nimemwambia mama kwamba si Chale, ni mtu aliyemwiga Chale. Hakushtuka hata kidogo. Akasema kaka yake alijua. Anasema mjomba alikuwa na makopo mawili, moja akiliita "Chale mkubwa" na jingine "Chale mdogo", na lile dogo ndilo watu wa visiwani walilipenda zaidi, kwa sababu ya Mnene.

Nikamuuliza kama lile dogo lilikuwa mkanda mmoja au miwili. Akaacha dagaa, akafikiri. Akasema njiani mjomba alikuwa akisimamisha picha katikati ili abadilishe, na wakati huo vijana walikuwa wakipiga mbinja na kumwita mchawi.

Kwa hiyo ilikuwa miwili. Leo asubuhi nimempigia binamu yangu Nansio, mtoto wa mjomba kwa mke wake wa kwanza, ambaye hakuja kwenye mgawo. Nimemuuliza kama marehemu aliwahi kuacha kwake kopo la bati la duara. Kasema lipo, anawekea ndoano. Nikamuuliza kilichokuwamo ndani kilienda wapi. Akaanza kunieleza, mtandao ukakatika, na ujumbe uliofuata ulikuwa maneno mawili tu: "Njoo uone."

Napanda meli ya kesho asubuhi. Dada wa Kashasha, nimebeba chombo cha plastiki chenye matundu.